Pikipiki ya umeme Kigoma: pima kwanza, betri baadaye

Fika kijiwe chochote cha Mwanga, Gungu au Ujiji na pikipiki ya umeme inayosumbua, utaambiwa neno moja: "Betri imekufa hiyo, kaka. Tafuta nyingine." Kuna siku inakuwa kweli. Lakini betri ndiyo spea ghali kuliko zote kwenye pikipiki hiyo, na dalili nyingi zinazosingiziwa betri chanzo chake ni plagi iliyolegea, breki inayokwaruza, umeme mdogo wa jioni au mlima wenyewe. Mtu aliyeshika pikipiki ya mkataba akinunua betri asiyoihitaji, anaweza kupoteza faida yote aliyoifuata kwenye umeme. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inaanza na sababu isiyogharimu kitu, na betri inawekwa mwisho.

Utahitaji multimita, ile ya kawaida ya mafundi umeme. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kugusa nyaya, na zima swichi kuu iliyo chini ya kiti. Betri ya volti 72 iliyojaa inaweza kukaribia volti 90 za moja kwa moja. Zinaunguza ngozi na kuyeyusha spana.

Ijue betri yako

Soma kibandiko. Betri za risasi na asidi ni boksi za volti 12 zilizofungwa mfululizo, tano kwa pikipiki ya volti 60 na sita kwa ya volti 72. Zinajulikana kwa uzito. Lithiamu ziko za aina mbili kuu: LFP, ambayo ni ya chuma na fosfeti, na NMC, yenye nikeli. LFP hudumu zaidi na huvumilia joto. NMC ni nyepesi zaidi, ila ikijazwa kupita kiasi ni hatari.

Hapa ndipo watu wanaumia. Betri mbili zote zinaitwa za volti 72, lakini NMC ya seli 20 inajaa kwenye volti 84, na LFP ya seli 24 inajaa kwenye volti 87.6. Ukiazima chaja ya mwenzako kwa sababu plagi imeingia, unaweza kuwa unaisukuma NMC yako zaidi ya mwisho wake, na kinachobaki kati yako na moto ni BMS, ile bodi ndogo ndani ya betri inayolinda seli. Linganisha namba ya volti iliyoandikwa upande wa kutolea wa chaja na volti ambazo betri yako hujaa. Kama haisomeki, usichomeke.

Taa zinawaka, lakini haiondoki

Mara nyingi ni jambo dogo. Stendi ya pembeni ikiwa chini, mota haipewi umeme. Mkono wa breki usiporudi vizuri ni hivyohivyo: angalia taa ya breki nyuma, ikiwa inawaka muda wote bila wewe kushika breki, swichi ya breki imenasa na ndiyo inayozuia mota. Isafishe, itoe vumbi, jaribu tena. Akseleta nayo isiporudi hadi mwanzo wakati unafungua ufunguo, kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme unaokwenda kwenye mota, hukataa kuondoka kwa usalama wako.

Kinyume chake, pikipiki ikitembea huku taa na honi vimekufa, betri kubwa haihusiki. Kuna kigeuzi kidogo kinachoshusha volti 60 au 72 kuwa 12 kwa ajili ya taa. Kikiungua, taa zinakufa zote kwa pamoja. Angalia fyuzi yake kwanza.

Isipowaka kitu chochote, pima kwenye plagi ya betri. Ukipata volti kamili, shida iko mbele: swichi kuu, ufunguo, fyuzi. Ukipata sifuri au volti chache zisizoeleweka kwenye lithiamu, BMS imejifunga. Chomeka chaja sahihi kwa dakika chache. Mara nyingi hufunguka yenyewe.

Inachoka mlimani

Hili ndilo la kwetu, na linataka maelezo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa kwenye miteremko. Ukitoka stesheni ya reli na abiria kwenda Mwanga unapanda tu. Wauzaji hutangaza umbali uliopimwa na dereva mmoja, barabara tambarare, mwendo wa wastani. Umbali huo Kigoma haupo.

Tupige hesabu ya mlima. Pikipiki, dereva na abiria mmoja tuseme kilo 280. Kuinua uzito huo mita 100 kwenda juu kunataka nguvu ya uniti 0.076, na ukiongeza inayopotea kama joto kwenye mota na kontrola, betri inatoa kama uniti 0.1. Panda hivyo mara kumi kwa siku, umemaliza uniti nzima, umeme ambao kwenye tambarare ungekupeleka kilomita 25 hadi 30. Safari ya kwenda Kalinzi, kwenye vilima vya kahawa, ukipanda jumla ya mita 700, inakula uniti 0.7 kwa kupanda peke yake, kabla hujahesabu kilomita. Kwa betri ya volti 72 na Ah 40 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), ambayo ni uniti 2.88 ikiwa mpya, hiyo ni karibu robo. Kushuka kunarudisha kidogo kwenye pikipiki zenye breki za kuchaji, nyingi hazina.

Kwa hiyo pikipiki inayoisha mapema Kigoma kuliko ilivyoandikwa inaweza kuwa nzima kabisa. Ya kupima ni haya.

Je, inakosa nguvu tangu mwanzo wa mlima, au baada ya kupanda kwa muda? Ikichoka tangu chini huku betri imejaa, angalia swichi ya mwendo. Wengi huiacha kwenye namba 1 bila kujua. Kisha simama kwenye tambarare, nyanyua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono. Likikwama, breki inashika au beringi imeharibika. Pima na upepo wa tairi.

Ikianza vizuri halafu ikalegea katikati ya mlima, na baada ya kupumzika robo saa inarudi kama kawaida, hilo ni joto. Mota ya kwenye gurudumu haina gia. Mlimani inazunguka polepole ikivuta umeme mwingi, na umeme huo unageuka joto ndani ya koili. Kontrola inapunguza nguvu ili isiungue. Usibishane nayo. Usiishikilie pikipiki mlimani kwa akseleta ukimsubiri abiria ashuke, tumia breki. Mota ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuiwekea kiganja, ipumzishe.

Hapo kuna swali la kununua. Mota ya wati 1,500 kwenye gurudumu, ya kwenda Mwanga na abiria pamoja na gunia la dagaa kutoka Kibirizi, haitadumu, hata ingeuzwa nusu bei. Kwa miinuko hii mimi ningetafuta mota iliyofungwa katikati yenye mnyororo na gia ya kupunguza mwendo, au ya kwenye gurudumu isiyopungua wati 3,000. Na namba ninayoitaka ni nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Ile ya sekunde chache, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa, haipandishi mtu Mwanga.

Na ikiwa inazima papo hapo ukivuta kwa nguvu, halafu inawaka tena ukifungua ufunguo upya? BMS inakata kwa sababu volti zinaporomoka. Inawezekana seli moja imechoka, na inawezekana pia ni plagi. Anza na plagi. Kuna moja niliyoifungua iliyokuwa imefungwa juu kwa gundi ya umeme, safi kwa nje. Ndani pini moja imegeuka rangi ya bluu na nyeusi, plastiki imeyeyuka na kuingia kwenye uwazi wa pini ya pili. Betri yake ilipopimwa ilikuwa nzima. Plagi mpya yenye uwezo wa ampea zinazotakiwa, iliyobanwa vizuri, ilimaliza tatizo. Baada ya kupanda mlima, gusa kila kiungio kwa nje: kilicho cha moto kuliko waya wake ndicho kibovu.

Mita inaonyesha nusu, halafu inazima ghafla

Kwenye LFP hii ni tabia ya betri. Ile ya seli 24 ikiwa imejaa na kupumzika inasoma karibu volti 80, na ikiwa nusu inasoma karibu 79. Mita inayohesabu kwa volti haioni tofauti hiyo, inakuonyesha vijiti vilevile njia nzima, kisha vinaanguka vyote mwishoni. Tumia kilomita: weka kihesabio sifuri kila unapojaza na ujue safari zako zinakula kiasi gani.

Dawa ya pili ni kuijaza LFP hadi mwisho angalau mara moja kwa wiki na kuiacha kwenye chaja saa moja au mbili baada ya taa kuwa ya kijani. BMS hutumia muda huo kusawazisha seli. Betri inayochajiwa vipande vipande kila siku, bila kujazwa hata mara moja, seli zake zinaachana, na seli iliyo chini kuliko zote ndiyo inayoizima pikipiki yote.

Kwenye risasi na asidi hadithi ni nyingine. Pima kila boksi peke yake wakati mwenzako anavuta akseleta huku ameshika breki ya mbele kidogo (ikiwa breki inakata mota, panda kamlima kafupi, multimita ikiwa imefungwa). Boksi tano zikibaki kwenye 12 na moja ikaanguka chini ya 10.5, hiyo moja ndiyo inayokuzimia. Seti ikiwa bado changa, badilisha hiyo peke yake kwa ya ukubwa uleule. Seti ikiwa imeshatumika mwaka, mpya moja kati ya zilizochoka itachoshwa haraka.

Umbali unapungua mwezi hadi mwezi

Sasa ndipo betri inaingia kwenye maswali, na kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji fundi: LUKU yako. Tumia pikipiki hadi ikaribie kujizima. Iache ipoe. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na taa vyote, soma uniti zilizobaki kwenye mita, kisha chaji hadi mwisho. Soma tena.

Chaja hupoteza kama asilimia 13 hadi 15 njiani. Betri ya uniti 2.88 iliyo nzima itakula kama uniti 3.3 kutoka ukutani. Ikila uniti 2 tu, maana yake ndani imeingia kama 1.7, na imebaki na asilimia 60 ya uwezo wake. Hiyo imechoka kweli, na sasa unaweza kuzungumza na muuzaji kuhusu garantii ukiwa na namba mkononi. Lakini ikila 3.2 na bado umbali umepungua, betri haina kosa. Kuna kitu kinachokula nguvu njiani: upepo, breki, beringi, mnyororo mkavu, au umeanza kubeba mizigo uliyokuwa hubebi.

Fanya kipimo hiki wiki ya kwanza ukiwa umenunua, uandike jibu. Bila namba ya mwanzo, ya baadaye ni vigumu kuitetea mbele ya muuzaji.

Haijai, au chaja inageuka kijani mapema

Kigoma ilikaa miaka mingi kwenye majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na mwisho wa laini ndefu umeme hushuka, hasa jioni watu wakipika na kupiga pasi. Pima soketi yako saa mbili usiku. Chaja nyingine zinafanya kazi kuanzia volti 100 au 110, nyingine zinataka 200 na kuendelea. Imeandikwa kwenye kibandiko. Ukipata 175 na chaja yako inataka 200, chaji baada ya saa tano usiku au alfajiri, mtu akiwa macho.

Angalia pia waya wa ekstensheni. Chaja ya ampea 10 kwenye betri ya volti 72 inavuta karibu wati 900 hadi 1,000 kwa saa nne mfululizo. Pasi nayo inavuta hivyo, ila inajizima na kuwaka, chaja haipumziki. Ekstensheni nyembamba inayopata moto ni ya kutupa.

Chaja ikiwa kijani ndani ya dakika chache na pikipiki haina kitu, pini ya plagi imechafuka, au seli moja imejaa kabla ya nyingine na BMS imefunga mlango. Iache saa kadhaa kwenye chaja. Isipobadilika, fundi anayejua kufungua betri na kusawazisha seli anahitajika, na usimruhusu anayetaka kuondoa BMS "ili isisumbue".

Inagugumia na kutetemeka ikiondoka

Ni sensa za hall ndani ya mota (vihisi vidogo vinavyoijulisha kontrola mota imezunguka hadi wapi), au mojawapo ya nyaya tatu nene, njano, kijani na bluu, imelegea. Zima swichi kuu, tenganisha hizo nyaya tatu na kontrola, zungusha gurudumu kwa mkono. Kama lilikuwa gumu likawa jepesi baada ya kutenganisha, kontrola imeungua ndani. Likibaki gumu, nyaya za mota zimegusana au koili imeungua. Likiwa jepesi kote, plagi ndogo ya nyaya tano za sensa ndiyo ya kuangalia, na mara nyingi imeingia maji.

Baada ya mvua, au baada ya kuosha

Msimu wetu wa mvua ni mrefu, unaanza Oktoba au Novemba hadi Mei, na pikipiki hizi zimetengenezwa kunyeshewa. Kuzamishwa hazikutengenezewa. Kuingiza pikipiki ziwani pale ufukweni ili kuiosha, kama tulivyozoea na za petroli, kunapeleka maji kwenye mota kupitia mahali waya unapoingilia ekseli. Mashine ya presha nayo isielekezwe kwenye kontrola wala plagi. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Ikishalowa na ikakataa kwenda, usichaji. Zima swichi kuu, fungua plagi, ziache juani siku nzima, kisha jaribu.

Pikipiki nzima, lakini pesa haionekani

Dalili hii hakuna fundi atakayeitibu, na ndiyo inayowafanya watu warudi kwenye petroli wakiwa na hasira. Tuchukue dereva wa kilomita 90 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa uniti 0.04 kwa kilomita na upotevu wa chaja, anatumia kama uniti 4.15 kwa siku, uniti 108 kwa mwezi. Kwenye tarifu ya T1, ile ya wateja wa kawaida, yaani shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na VAT na tozo inafika kama 356, ni karibu 38,400 kwa mwezi. Petroli kwa kilomita 40 kwa lita, tuseme 3,000 kwa lita (weka bei elekezi ya EWURA ya mwezi huu), ni 175,500. Bado oili.

Mpaka hapo umeme umeshinda kwa mbali. Lakini watu husahau mambo mawili.

La kwanza ni tarifu ya nyumbani. Kama nyumba yako iko D1, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ulikuwa unalipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na kodi. Pikipiki inakuvusha. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 50 nayo sasa inalipiwa bei kubwa, ongezeko la kama 11,700 kwa mwezi ambalo hakuna anayelihesabia pikipiki. Ukiwa mpangaji mnaochangia mita, jambo hili litaleta ugomvi, mkubaliane kabla. Na uniti zikiwa chache kuliko kawaida kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, kumbuka kodi ya jengo hukatwa humohumo.

La pili ni akiba ya betri. LFP nzuri huenda mizunguko 1,500 na zaidi (mzunguko mmoja ni kuijaza na kuimaliza) kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa dereva wetu huyu hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Tuseme betri ni 1,500,000 na uipe miaka mitatu kwa usalama: weka 42,000 kila mwezi pembeni. Jumla na umeme na ongezeko la nyumba ni kama 92,000, dhidi ya 175,500. Faida ipo, na ni ya kweli. Kwa risasi na asidi, zenye mizunguko 300 hadi 500, dereva wa kazi ya kila siku anabadilisha seti takriban kila mwaka, na bei nafuu ya siku ya kununua inaliwa humo.

Kwa anayekwenda Kasulu au Uvinza kila siku, au anayebeba madumu ya mawese kutoka vijijini kusiko na pa kuchaji, bado ningemshauri abaki na petroli. Pikipiki hii inamfaa anayezunguka mjini, Ujiji na Mwandiga, na anayeweza kuchomeka mchana wakati wa kula.

Betri imevimba, inanuka, au ni ya moto ikiwa imezimwa

Hapa hakuna kupima. Chomoa, itoe nje mbali na nyumba, usiichaji tena. Najua wengi tunalala na pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi. Ikiwa betri ni nzima, iingize, ila usiichaji wakati watu wamelala, na isikae kati ya kitanda na mlango. Ikitoka mlimani ikiwa ya moto, iache ipoe nusu saa kabla ya kuchomeka. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imezidi nyuzi joto 45.

Fundi anasema spea hakuna

Breki, tairi, beringi na shokomzoba nyingi ni zilezile za pikipiki za kawaida, peleka beringi dukani walinganishe namba. Kontrola si lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza pikipiki yako: ilingane volti, ampea na aina ya sensa, itafanya kazi. Piga picha vibandiko vya kontrola, mota na betri siku ya kwanza kabisa, kwa sababu tope la msimu mmoja wa mvua linatosha kufuta maandishi yote, na hayo ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa na muuzaji wa Mwanza au Dar es Salaam kabla ya kukupakilia spea kwenye basi.